Fungueni mageti ya shule jioni: barua ya wazi kwa viongozi wa Dar es Salaam

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, Mkurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam, Wakurugenzi wa Manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, maafisa elimu na maafisa michezo wa ngazi zote, na kamati za shule.

Yah: Ombi la viwanja vya shule za msingi kutumiwa na watoto wa mtaa jioni na siku za mapumziko

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Tandika. Nimeshika chaki miaka 32. Nimekuwa mwalimu wa zamu, mwalimu wa michezo, na kwa muda mwalimu mkuu msaidizi, kwa hiyo ninachokiomba hapa nakijua kwa pande zote mbili za geti.

Geti ndilo lililonifanya niandike. Shule iliyo jirani na kwangu, ambayo sitaitaja kwa kuwa sitaki mtu yeyote aitwe ofisini kujieleza, hufungwa kwa mnyororo na kufuli mara tu wanafunzi wakishatoka. Ndani unabaki uwanja mzima wa mchanga, magoli mawili ya chuma, na mwarobaini mmoja wenye kivuli kizuri. Nje, hatua ishirini tu kutoka getini, watoto walewale waliokuwa humo mchana wanacheza mpira barabarani. Goli ni mawe mawili. Barabara yenyewe, bajaji mbili zikikutana moja inapanda kwenye ngazi ya duka. Mmoja akipiga kelele "Gari!", wote wanaganda, wawili wanaokota mawe, bajaji inapita, mawe yanarudishwa, na ubishi wa mawe yalikuwa wapi unaanza upya. Siku moja nilihesabu nikiwa barazani kwangu: ndani ya saa moja mchezo ulisimama mara 41.

Mwezi Mei mwaka jana mpira uliruka ukuta ukaingia shuleni. Mtoto wa darasa la nne akapanda kuufuata. Juu ya ukuta ule pamepandwa vipande vya chupa kwenye saruji. Alishuka kiganja kimechanika, akashonwa nyuzi sita. Kesho yake jioni alikuwepo tena, mkono umefungwa bendeji, amekaa juu ya tofali anawapangia wenzake timu.

Mtu mzima anayepita huona watoto wanaopiga kelele na kujichafua. Nawaomba siku moja mkae barazani nusu saa, muwaangalie kwa utulivu. Chandimu, huo mpira wao wa mtaani, haina refa. Haina mstari wa pembeni, haina saa, na goli lake halina mwamba wa juu. Sasa mtoto kapiga, mpira umepita hewani katikati ya mawe. Ni goli, au umepaa? Aliyepiga anasema goli. Golikipa anasema umepita juu. Wanamsimamisha golikipa katikati ya mawe anyooshe mikono, kwa sababu sheria yao ni kwamba goli linaishia kwenye ncha za vidole vyake. Golikipa naye, akilijua hilo, anakunja magoti kidogo. Wanamwona. "Nyooka wewe!" Anacheka, ananyooka. Bado hawaelewani. Mmoja ananuna, anatishia kususa na kuondoka na mpira kwa kuwa ni wa kwao. Hapo wenzake wanaanza kumbembeleza, lakini si sana, maana wakizidisha atarudia kesho. Mwingine, na mara nyingi huyu si mkubwa wala si fundi wa mpira, anasema, "Basi, ipigwe penalti." Wananyamaza, wanaangaliana, penalti inapigwa. Kesi imekwisha, na hakuna mtu mzima aliyeitwa.

Nimefundisha watoto maelewano kwa ubao na kitabu, nikawapa mtihani, nikasahihisha. Sijapata kuona darasani somo likakaa kichwani mwa mtoto kama linavyokaa lile la penalti.

Chuoni tulisomeshwa habari za Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi. Huyu alikaa chini na watoto waliokuwa wakicheza gololi, akawauliza sheria za mchezo zimetoka wapi na kama zinaweza kubadilishwa. Alichokiona alikichapisha mwaka 1932. Wadogo walidhani sheria zimekuwepo tangu zamani, hakuna wa kuzigusa. Waliokwisha kufika miaka kumi na kuendelea walijua kuwa sheria ni makubaliano, na wote wakiridhia inaweza kubadilishwa. Hatua hiyo, alisema, mtoto haifikii kwa kuambiwa na mkubwa. Huifikia kwa kushughulika na wenzake wa rika lake, ambao hawana amri juu yake wala yeye hana amri juu yao. Miaka ile niliyajibu haya kwenye mtihani nikapata alama. Maana yake nimeiona barazani, nimeshastaafu.

Sikilizeni pia maneno yao. Mtoto anayepiga chenga peke yake bila kutoa pasi anaitwa mchoyo. "Acha uchoyo, toa!" Ni neno lilelile anaitwa mtoto anayegeuka ukutani kula andazi lake. Hakuna mwalimu aliyewafundisha kulihamisha neno hilo kutoka kwenye chakula kwenda kwenye mpira. Wameliona wenyewe kuwa ni kosa moja. Na adhabu yake haina kiboko: mchoyo haletewi mpira. Anakimbia jioni nzima bila kuugusa, na kesho yake anatoa pasi.

Mwaka juzi ilihamia mtaani kwetu familia kutoka Kigoma. Walikuwa na mtoto wa kiume wa miaka kama tisa. Lafudhi yake ilikuwa ya kwao, wenzake wakawa wanamwiga na kumcheka. Wiki mbili nzima alisimama kando ya ukuta, mikono nyuma, anatazama. Siku moja wakajikuta wako tisa, timu hazilingani, wakamwita akae golini, mahali anapowekwa asiyetakiwa. Shuti la kwanza lilimpita. La pili alilirukia juu ya kokoto kana kwamba chini pana godoro, akainuka goti linavuja damu, mpira kaukumbatia. Wakampa jina la utani palepale. Jioni ile nilimwona kwa mara ya kwanza anaondoka na wenzake, wanne wameshikana mabega, wanakwenda kuchota maji. Baada ya siku chache mama yake alikuja kwangu kuniambia mtoto ameacha kulia asubuhi akiambiwa avae sare. Wale wanne mpaka leo wako pamoja, na ukimgusa mmoja umewagusa wote.

Waheshimiwa, kila tunapozungumzia michezo ya watoto katika nchi yetu, mazungumzo hukimbilia vipaji. Tunauliza Samatta mwingine atatoka wapi. Mbwana Samatta ni fahari yetu, mtoto wa jiji hili aliyefunga bao Anfield, uwanja wa Liverpool, mwaka 2019 akiwa na Genk ya Ubelgiji, na mwaka uliofuata akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi ya nchi nzima, nayo naiheshimu, nimepeleka watoto huko na nimelala nao kambini. Lakini UMITASHUMTA ni mchujo. Shule inachujwa, kata inachujwa, wilaya inachujwa, na mtoto wa kawaida anaachwa kwenye mchujo wa kwanza kabisa. Yule wa Kigoma hatachezea Taifa Stars, na sidhani kama anaota hivyo. Watoto wale kumi pengine hakuna hata mmoja atakayelipwa shilingi kwa ajili ya mpira. Watakuwa makondakta, mafundi, wauguzi, wapangaji wa nyumba moja, wajumbe wa mashina. Watagombania maji, watadaiana, watakaa kwenye vikao vya mtaa na vya misiba. Nawaombea uwanja kwa ajili ya hayo. Kipaji kikitokea, tutashukuru.

Na wasichana nisiwasahau, maana wao wanakosa zaidi. Hata barabarani hawana nafasi, wavulana wameshaichukua, na jioni nyumbani vyombo vinawasubiri. Ninapowaona wakicheza rede kwenye kichochoro, wawili wanarusha mpira na wa katikati anaukwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa, najiuliza wangefanya nini wakipewa uwanja. Nimefundisha mpira wa pete miaka mingi, na hakuna mchezo unaomfundisha mtoto kumtazama mwenzake kama huo. Sheria yake hairuhusu kukimbia na mpira. Ukiudaka, una sekunde tatu tu za kuutoa. Kila mchezaji kati ya wale saba ana eneo lake, na mfungaji hawezi kuushusha mpira kutoka nyuma peke yake. Huwezi kuwa mchoyo hata ukitaka. Nilikuwa na msichana mmoja mwenye kigugumizi. Darasani akiulizwa swali alikuwa anainamisha kichwa mpaka nampita. Uwanjani alicheza katikati, na alikuwa anaita majina ya wenzake kwa sauti, moja baada ya jingine, bila kukwama. Sekunde tatu hazikumpa muda wa kuogopa. Kigugumizi hakikumwisha, sitaki kuwadanganya. Ila mwaka ule alianza kunyoosha kidole darasani, kwa sababu nusu ya darasa walikuwa ni watu aliozoea kuwaita.

Sisemi kila mchezo huzaa urafiki. Mwaka 1954 huko Oklahoma, Marekani, Muzafer Sherif na wenzake waliwagawa wavulana wa kambi moja makundi mawili na kuwashindanisha kwenye michezo. Wavulana wakaishia kuvamiana mabandani na kuchomeana bendera. Walipatana baadaye, walipopewa kazi zilizohitaji nguvu za makundi yote mawili. Tumeyaona hata hapa: wazee wakija na mtaa wao kushindana na mtaa wa pili, dau limewekwa, watoto wanatukanwa kutoka pembeni, jioni inaisha kwa mawe. Kwa hiyo naomba uwanja wa kucheza, timu zichanganywe kila siku upya kama watoto wenyewe wanavyozichanganya, na wakubwa wakae pembeni wafunge midomo. Mashindano yana siku zake.

Sasa nirudi kwenye geti. Ninajua kwa nini linafungwa. Bomba huibwa, kioo huvunjwa, madawati hugeuzwa vitanda na vijana wanaokuja kuvuta vitu vyao usiku. Mwalimu mkuu akifika Jumatatu akakuta mlango umeng'olewa, kelele zote ni zake. Nimekuwa kwenye ofisi hiyo.

Lakini ninajua vilevile kuwa inawezekana kulifungua, kwa sababu tuliwahi. Miaka mitatu iliyopita mwalimu mkuu aliyekuwepo alikubali, kwa mdomo tu. Wazazi 14 tukajiandikisha, kila siku wawili zamu, daftari moja, ufunguo mmoja. Geti lilifunguliwa saa 10:30 jioni, likafungwa saa 12:15. Madarasa yote yalibaki na kufuli zake. Tulikuwa na sheria tatu tulizowaachia watoto wenyewe wazitunge, na moja, niliyoipenda, ilisema anayesusa haruhusiwi kuondoka na mpira. Kwa miezi saba kilivunjika kioo kimoja. Baba wa aliyekivunja ni fundi madirisha, akaweka kingine ndani ya siku tatu. Usiku mmoja bomba liliachwa linatiririka, tukalipia. Hakuna kingine kilichoharibika.

Kisha yule mwalimu akahamishwa. Aliyekuja baada yake si mtu mbaya, na alinipokea vizuri sana. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, mtoto akivunjika mguu humu ndani siku ya Jumamosi, atakayeandikiwa barua ya kujieleza ni nani, mimi au wewe?" Sikuwa na jibu. Geti likafungwa, na mpaka leo limefungwa.

Jibu la swali lile mnalo ninyi, waheshimiwa. Kinachotakiwa ni waraka. Useme wazi kwamba uwanja wa shule ya msingi ya serikali ni wa watoto wa mtaa jioni za siku za kazi na asubuhi za Jumamosi na Jumapili, ili jambo hili lisitegemee tena moyo wa mwalimu mkuu mmoja anayeweza kuhamishwa kesho. Useme zamu ni za wazazi chini ya serikali ya mtaa na kamati ya shule, na ikitokea ajali au hasara, maelezo yatoke kwao kwa pamoja, mwalimu mkuu asibebeshwe peke yake. Choo kimoja na bomba moja viachwe wazi. Siku mbili kwa wiki wasichana ndio waanze kupewa uwanja, na wao waseme wanacheza nini. Katika saa hizo uwanja usikodishwe kwa sherehe, wala kwa timu za wakubwa, wala usigeuzwe maegesho. Na kwenye shule ambazo Jumamosi nzima imemezwa na tuisheni, watoto waachiwe angalau saa mbili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuuchangamsha mwili. Kwa ratiba tulizowawekea, wengi wanazipata wapi?

Kuna jambo la ujenzi pia, na hili naomba maafisa mipango wanisikie. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 watoto wameongezeka, na tulishangilia. Madarasa yalihitajika, yakajengwa, na mahali pengi yamejengwa juu ya uwanja, kwa sababu ndipo palipokuwa patupu. Sasa zinajengwa shule za ghorofa, nami naunga mkono kwa mikono miwili: pandeni juu, chini mtuachie. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Viwanja vya mitaani nilivyovijua nikiwa kijana vimekuwa magodauni, gereji na nyumba za kupanga, na hakuna atakayebomoa ghala ili watoto wacheze. Ardhi iliyobaki tambarare, yenye mipaka inayojulikana na mwenyewe anayejulikana, katika mitaa mingi ni ya shule peke yake.

Haki yenyewe tumeshaikubali kwenye karatasi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na ibara yake ya 31 inataja mapumziko na michezo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inamtaka mzazi amhakikishie mtoto wake haki ya kucheza na kupumzika. Sisi wazazi tuko tayari kuitimiza sheria hiyo. Tunakwama kwenye kufuli.

Mwaka 2027 nchi yetu, pamoja na Kenya na Uganda, itapokea AFCON. Nitakuwa mbele ya televisheni, Mungu akinijalia, na nitashangilia kwa nguvu zangu zote. Uwanja wa Benjamin Mkapa una viti 60,000, na kila ukikarabatiwa nafurahi. Ninachoomba hakihitaji hata kiti kimoja. Hakihitaji nyasi wala taa. Watoto wale wakikuta mchanga na geti lililo wazi, magoli watayatafuta wenyewe, timu watazipanga wenyewe, na ugomvi wao wataumaliza kabla ya adhana ya magharibi.

Mkiona waraka wa mkoa mzima ni jambo la kuchukua muda, anzeni na shule moja kila kata kwa muhula mmoja. Njooni mkague daftari, mhesabu vioo. Daftari la miezi ile saba bado ninalo, na kurasa zimebaki. Ukurasa unaofuata nimeshauchorea mistari, na kwenye zamu ya Jumanne, saa 10:30 jioni, nimeandika jina langu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Tandika, Dar es Salaam